Mama Viti Alivyoivisha Boti Ngozi Mpya

Mama Viti hakuwahi kupenda maji. Aliolewa katika nyumba ya watu wa maji, akazaa humo na akazika humo, lakini yeye mwenyewe alibaki mtu wa nchi kavu na cherehani. Kazi yake ilikuwa kuvisha viti: viti vya mabasi, vya saluni, vya zahanati, makochi ya waliojaliwa na vigoda vya wasiojaliwa. Ukimpelekea kiti kilichochanika, sponji imetoka nje kama ulimi wa ng'ombe mwenye kiu, atakivua, atakisemasema kidogo, atakivisha, na kesho yake utapita karibu nacho usikitambue. Jina alilopewa na wazazi wake lilishapotea mtaani. Hata shehena za vitambaa ziliandikwa Mama Viti.

Mtu wa maji alikuwa wifi yake. Huyu ni dada wa marehemu mumewe, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo akaitika. Pale gatini kila mtu alimwita Nahodha. Kaka yake alipofariki aliacha boti moja ya faiba, ya kuvusha abiria kwenda upande wa pili wa ziwa, kwenye kiwanda na hospitali. Matanga hayajaisha, wanaume wakaja kuulizia boti itauzwa lini. Nahodha wakati huo alikuwa ametoka kuachika, kanga zake bado zimo kwenye furushi, lakini akatoka mlangoni akawajibu, "Itauzwa siku mtakayowauza mama zenu." Kesho yake akashika usukani mwenyewe. Walicheka siku za mwanzo, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kumwachia njia.

Basi wanawake hao wawili wakakaa nyumba moja, mjane na mtalaka, wakisomesha watoto kwa cherehani na injini. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Walipendana kwa kubishana. Mmoja akisema chumvi imezidi, mwingine anaongeza. Watoto wakakua, wakatawanyika kama kunde zilizomwagika, wao wakabaki na ubishi wao.

Miaka ikaenda, na boti nayo ikazeeka. Zamani ilikuwa nyeupe ya kung'aa, ukiitazama jua la saa sita unafumba macho. Sasa ilikuwa imefifia na kutoa unga. Ukiigusa, kiganja kinatoka cheupe kama cha mwalimu aliyeshinda ubaoni. Chama cha gati kikatoa amri: Jumatatu mkaguzi atapita, na chombo chochote ambacho mwili wake umechakaa kitaondolewa kwenye zamu ya abiria. Wapaka rangi wote wakashikwa na wenye boti waliowahi, maana sisi watu tukisikia amri tunacheka kwanza, tunakimbia baadaye.

Nahodha alirudi nyumbani na habari hiyo wakati Mama Viti anachambua mchele.

"Wakiitoa imetoka," Nahodha alisema, akivua viatu. "Mimi nitakwenda kwa mwanangu. Ameshaniandalia chumba huko kwake."

Aliyasema hayo kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama Viti hakuinua kichwa.

"Sawa," akajibu.

Lakini wali wa jioni ile ulikuwa na changarawe mpaka Nahodha akauliza kama wanakula chakula au wanatengeneza barabara.

Mama Viti alikuwa na aibu ya ajabu. Alilelewa kwamba mtu akiaga humshiki nguo. Mumewe alipokuwa kitandani mara ya mwisho hakumwambia "usiende", alimkunjia shuka. Watoto walipoondoka mmoja mmoja alishona vifungo vilivyolegea kwenye mashati yao. Neno lenyewe hakulijua njia ya kulitoa. Alichojua ni mikono. Kwa hiyo akapiga moyo konde: boti haitatolewa kwenye zamu, na isipotolewa wifi yake hana sababu ya kufunga mizigo. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo.

Asubuhi akaenda kwa fundi mabango, kijana wa makamo aliyekuwa akibandika matangazo kwenye magari ya makampuni. Alibandika ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, ambayo watu huiita stika. Pale dukani kulikuwa na roli nzima ya rangi ya damu ya mzee, mteja aliiagiza kisha akabadili mawazo. Wakakubaliana: Mama Viti ataichukua roli, na viti vya duka la fundi mabango vyote vitavishwa upya.

"Ila mama, nikuambie," fundi alisema. "Stika si kitambaa."

"Nimevuta vitambaa wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuambia. Kitambaa ukikivuta kinakutii. Hii ukiivuta baridi inakudanganya kwamba imetii, halafu usiku inarudi kwao. Ipashe moto. Usifanye kazi juani. Na huo unga wa boti uutoe wote, usibaki hata wa kupaka usoni."

Akamwonyesha kidogo kwenye mlango wa gari moja mbovu, akampa kipande cha plastiki ngumu cha kukwangulia mapovu. Juu ya kuunganisha kipande na kipande hakusema kitu. Yeye alizoea magari, na mlango wa gari hufunikwa na kipande kimoja.

Boti ikavutwa nchi kavu, ikawekwa juu ya magogo ndani ya banda la seremala nyuma ya gati. Mama Viti akaanza kuisugua. Kusugua chombo kizima kwa msasa na maji si sawa na kusugua sufuria. Ule unga ulimwingia puani, kwenye nyusi, kwenye kitambaa cha kichwa. Goti lake la kulia, ambalo lilikuwa na ugomvi naye siku nyingi, likakataa kukunja, basi akawa anafanya kazi amekaa chini, mguu mmoja umenyooshwa mbele, anajisogeza kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutambaa. Akimaliza upande anapangusa na spiriti. Akipangusa anaona alipopita bado panatoa unga. Anarudia.

Nahodha alikuwa hana safari siku hizo, kwa kuwa chombo kiko juu. Alikuja bandani, akageuza ndoo, akakaa. Mama Viti alingoja maneno yake, maana wifi huyu alikuwa na ulimi usiolala. Badala yake Nahodha aliegemea nguzo akasinzia mdomo wazi, mchana kweupe, mtu ambaye tangu wajuane hakuwahi kulala mchana hata akiwa na homa. Mama Viti akasema moyoni, kumbe mtu akikosa kazi huchoka zaidi, ngoja nifanye haraka arudi majini.

Kipande cha kwanza kilimshinda kabisa. Alikata, akabandua karatasi ya mgongoni, na upepo mdogo tu uliotoka ziwani ukakigeuza. Stika ikajikumbatia yenyewe, gundi kwa gundi, na kuitenganisha ikawa kama kutenganisha wagomvi waliopatana. Akaitupa. Kipande cha pili kilishika, lakini kikajaa mapovu kama mtu mwenye tetekuwanga. Hapo ufundi wake ukamsaidia kidogo, akachomoa sindano kwenye kifua cha gauni, akatoboa kila povu, akalilaza kwa kidole.

Jirani yao wa gatini, mwenye boti ambaye kila mtu alimwita Domo, na hakuitwa hivyo kwa ukimya wake, alipita akasimama.

"Mama Viti! Unafunga zawadi?"

"Naishonea nguo. Ya kwako itatembea uchi mpaka lini?"

"Yangu bado ina mwili wa kuonyesha."

"Hata wewe uliwahi kuwa nao."

Domo akaondoka anacheka, na Mama Viti akarudi kwenye kazi bila kucheka, kwa sababu vidole vilikuwa vinamuuma.

Penye mpindo wa mbele, pale boti inapojikusanya kuwa pua, alivuta kwa nguvu zake zote kama anavyovuta ngozi ya kochi kwenye kona. Ikakaa vizuri, akajisifu. Asubuhi akakuta imerudi nyuma, imeacha upenyo wa kuingia kidole. Fundi mabango alikuwa amesema kweli. Ikabidi aende saluni ya jirani kuazima draya ya kukaushia nywele. Akaipuliza stika mpaka ikalegea kama mshumaa, akaibembeleza kona kwa kona, akaikata ziada kwa wembe. Akaanza kuielewa. Haikutaka kulazimishwa. Ilitaka kusubiriwa. Na kusubiri, kwa mtu mwenye goti lile na umri ule, ni kazi nzito kuliko kuvuta.

Kitu kimoja alikifanya kwa raha, nacho ni mishono. Alianzia mbele, akawa anashuka kwenda nyuma, kila kipande kikilalia ukingo wa kile kilichotangulia. Kwa nini? Kwa sababu abiria hupandia nyuma. Boti hurudi kinyumenyume gatini, wenye vikapu na watoto mgongoni wanaingilia hapo. Ukisimama nyuma ukatazama mbele, ulikuwa huoni mshono hata mmoja. Boti yote ni ngozi moja, rangi ya damu ya mzee, kama kochi la mkurugenzi. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake wa kwanza alipokuwa msichana: mgeni haonyeshwi mshono. Alisimama pale nyuma, mkono kiunoni, akasahau goti.

Nahodha naye aliamka kwenye ndoo yake, akaizunguka boti. Akapitisha ukucha kwenye mshono mmoja. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Vipi?" Mama Viti akauliza.

"Inapendeza," Nahodha akasema, akarudi kukaa.

Mama Viti akalala akiwa amechoka vizuri, kama mtu aliyemaliza.

Jumamosi wakaishusha majini kuijaribu. Domo alisaidia kusukuma. Mama Viti, ambaye alikuwa akipanda boti kwa nadra kama anavyopanda mti, akasema atakwenda na Nahodha. Akakaa kwenye kiti alichokivisha mwenyewe, akashika ukingo wake kwa mikono miwili. Nahodha akawasha injini, wakatoka taratibu mpaka nje ya nguzo, kisha akaongeza moto.

Mwanzoni palikuwa na mlio tu, mdogo, kama mtoto anayepuliza midomo. Prrrr. Mama Viti akageuza shingo. Mlio ukakua. Maji yaliyokuwa yakigawanyika mbele yalipita ubavuni, yakaukuta ukingo wa mshono wa kwanza umetazama kwao, wazi kama mfuko wa shati, yakaingia. Stika ikainuka. Ikafuata ya pili. Ubavu mzima ukawa unafunguka na kupigapiga, mapande mekundu mekundu yakifurukuta kama mashavu ya samaki aliyetolewa nje.

Nahodha akazima injini. Boti ikajiendea kidogo, ikasimama katikati ya ziwa. Ngozi iliyobanduka ikawa inapiga maji, pwaa, pwaa.

"Wifi," Nahodha akaanza, sauti ya chini. "Mishono umeielekeza wapi?"

"Pasipoonekana."

"Na nani?"

"Na abiria. Si wanapandia nyuma?"

"Na maji yanatokea wapi?"

Mama Viti akatazama mbele. Jibu lilikuwa limetapakaa pande zote za boti. Mtu wa maji angeanzia nyuma akaja mbele, kila kipande kilalie cha nyuma yake, ili maji yapite juu kama mvua juu ya bati. Ni jambo la kumwambia mtu kwa maneno mawili. Akakumbuka ule ukucha. Akakumbuka mdomo uliofunguka ukafungwa.

"Uliona," akasema.

Nahodha akavua kofia yake, akaifuta jasho, akaivaa tena.

"Uliona, wifi! Nimetambaa kwa makalio kama kiwete, uso mweupe kama mzimu, nimeazima mpaka draya ya watu, na wewe umekaa kwenye ndoo umeona! Mdomo huo unaosema mvua, unaosema chumvi, unaomsema Domo, ni hili tu lililokukosesha sauti?"

"Niliona."

"Sasa?"

Ingekuwa nchi kavu Mama Viti angeondoka, angesusa, angejifungia na cherehani yake wiki nzima. Lakini huwezi kususa katikati ya maji. Ikambidi akae asikilize.

"Nimechoka, wifi," Nahodha alisema. "Siyo uchovu wa kulala ukaamka. Mikono inatetemeka nikifunga kamba. Juzi nimekosa gati mara mbili, nikasingizia upepo. Nikasema, mkaguzi akiikataa boti, basi imekataliwa na mkaguzi. Mimi sijaiacha. Hakuna atakayesema dada mtu aliitupa boti ya kaka yake. Nitaondoka na heshima yangu. Nikaona mishono ile nikasema, hii ni njia Mungu amenifungulia."

"Kwa mgongo wangu."

"Kwa mgongo wako. Nisamehe."

Boti ilikuwa inazunguka polepole, gati likapita mbele ya macho yao, kisha kiwanda, kisha gati tena. Mama Viti alikuwa bado ameshika kiti. Vidole vilikuwa vimevimba na kunuka spiriti.

"Unadhani nilikuwa natengeneza boti?" akauliza.

"Ulikuwa unatengeneza nini?"

"Nilikuwa nakuzuia."

Nahodha akamkodolea macho. "Kwa stika?"

"Ningekuzuia kwa nini? Kwa mdomo? Mdomo wote wa nyumba ile umeuchukua wewe!"

Nahodha akacheka, cheko la mtu ambaye hana nguvu za kucheka, likaishia kwenye kikohozi. Mama Viti hakucheka. Aliona kwamba kama neno lile halitoki leo, hapa, halitatoka tena, na likitoka hakuna wa kulisikia ila huyu.

"Usiende," akasema. "Acha boti, usiache nyumba."

Nahodha akaegemea usukani.

"Nikae nikifanya nini?"

"Utanishikia kitambaa nikikata."

"Mimi sijui kushona."

"Nimesema ushike. Nani amekuambia ushone?"

Nahodha akatazama mikono yake, kama anayeipima kwa kazi hiyo. "Chumba chenyewe alichoniandalia," alisema mwishoni, "kinatazama ukuta wa jirani. Sikukuambia."

"Na mimi sikuuliza."

"Hukuuliza. Una kiburi wewe."

"Washa injini. Maji haya yananitia kichefuchefu."

Walirudi mwendo wa kobe, ngozi ikiburuzika kando. Gatini Domo aliwaona akafungua kinywa, lakini alipoziona nyuso zao akakifunga, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale.

Sasa, mtu angesema waache, kwa kuwa Nahodha hataki tena usukani. Lakini boti yenye zamu ni boti, unaweza kumpa mtu akaiendesha. Isiyo na zamu ni beseni. Na Mama Viti hakuwa mtu wa kuacha kazi yake ikining'inia mbele za watu. Jumapili wakarudi bandani wote wawili. Kipande cha nyuma kabisa kilikuwa kimeshika, wakakiacha. Vingine vyote wakavibandua, wakafuta gundi, wakakausha, wakaanza upya kutoka nyuma kwenda mbele. Mara hii kulikuwa na mikono minne. Nahodha alishika ncha, Mama Viti akakwangua. Nahodha aliposhika vibaya akaambiwa, alipoambiwa akajibu, na seremala mwenye banda akawaomba wapunguze sauti, ana wateja. Roli ikaisha kabla ya pua. Wakamwendea fundi mabango, akawapa kipande cheusi kilichobaki kwake, akacheka sana kusikia habari ya mishono na akaomba radhi kwa kutokujua. Boti ikawa nyeusi mbele, nyekundu iliyoiva nyuma, kama kiatu cha mzee maridadi. Na mishono yote ilionekana. Ukisimama pale wanapopandia abiria unaihesabu mmoja mmoja. Mama Viti alikuwa akigeuza macho asiitazame.

Jumatatu mkaguzi akaja, mtu mnene mwenye haraka. Akapitisha kiganja kwenye ubavu, akakitazama, hakikuwa cheupe. Akajaribu kuingiza ukucha kwenye mshono, haukuingia.

"Nani kafanya?"

"Fundi viti," Nahodha akajibu.

"Viti?" Mkaguzi akakuna kidevu. "Haya. Ipite."

Boti ya Domo haikupita. Mwili wake wa kuonyesha ulionyesha kila kitu. Alikuwa amekaa juu ya kamba zilizoviringwa, mikono magotini, na hapo Nahodha akamwendea, akamwekea ufunguo kwenye kiganja.

"Unanipa kweli?"

"Nakuazima mpaka utengeneze yako. Ukiikwaruza, nitakuvua ngozi wewe niivishe boti. Na ukirudi gatini urudi taratibu. Kuna watu wamebeba watoto."

Hakungoja kumwona akiondoka. Yeye na Mama Viti walipanda kilima cha nyumbani mmoja akimshika mwingine, haijulikani nani alikuwa anamshika nani, wakisimama kila penye kivuli. Hawakupika. Kila mmoja akaingia chumbani mwake, akajitupa kitandani na vumbi lake.

Jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa nyumba mtu alipobisha hodi, mwanamume mwenye kiti cha ofisi kichwani.

"Hodi! Fundi yupo?"

"Hayupo," Mama Viti akajibu kutoka kitandani.

"Sasa anayejibu ni nani?"

"Ni mtu aliyechoka. Njoo kesho."

Kutoka chumba cha pili ikatoka ile sauti ya kuita watu wa ng'ambo, nzito kwa usingizi:

"Keshokutwa! Kesho tunalala."